Muhuri wa Saa si Shahidi

Imekuwa desturi katika ofisi na vyuo vyetu kwamba mabishano juu ya wakati hukatwa kwa neno moja: mashine imeandika. Mtu akisema aliileta kazi yake mapema, huonyeshwa tarakimu katika kioo cha kompyuta. Akisema barua ilimfikia baada ya siku kupita, huonyeshwa tarakimu. Na baada ya tarakimu hapana rufani. Heshima hii hakupata kupewa mwandishi wa tarikhi, wala karani wa bandari, wala shahidi aliyekula kiapo. Hao wote waliulizwa: ulikuwa wapi, uliona mwenyewe au uliambiwa, na aliyekuambia ni nani? Mashine haiulizwi. Nakusudia kuiuliza.

Pamoja na heshima hiyo limeingia dai jingine, ambalo kwa mwalimu wa Kiswahili lina uzito zaidi. Wapo wasomi, na baadhi yao ni marafiki zangu, wasemao kwamba hesabu ya saa ya Waswahili, yenye saa kumi na mbili za mchana tangu jua kuchomoza na kumi na mbili za usiku tangu jua kuchwa, haina budi kuachwa kwa sababu kompyuta haiijui. Hulisema neno hilo bila ya chuki, kama mtu asemavyo kuwa masika yamekwisha. Mimi naona madai haya mawili yamezaliwa na mama mmoja. La kwanza lasema kuwa mashine huona kweli. La pili lasema kuwa kitu kisichoonyeshwa na mashine hakistahili kudumu. Mama yao ni kutojua kile ambacho mashine huandika.

Basi huandika nini? Haiandiki saa. Katika mashine nyingi zinazohudumia mtandao, zilizofuata mfumo wa Unix, kinachowekwa ni idadi tu: sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia iitwayo UTC. Humo hamna asubuhi wala jioni, hamna Jumatatu, hamna Januari. Hesabu hiyo ilipokuwa sifuri, Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa ya usiku. London yenyewe, ambayo wengi huidhani kuwa kitovu cha saa zote, saa za ukutani zilionyesha saa saba ya usiku, kwa maana Uingereza kati ya 1968 na 1971 iliweka saa yake mbele kwa saa moja mwaka mzima. Wala mwaka 1970 haukuchaguliwa kwa ajili ya tukio lolote la mbinguni au duniani. Ulikuwa karibu na siku za mafundi waliotengeneza mfumo, ukawafaa.

Kutoka katika idadi hiyo, programu hufanya kazi ya mkalimani. Huchukua sekunde, huongeza tofauti ya majira ya mahali, hugawanya kwa 86,400 zilizo katika siku moja, kisha huyapa matokeo majina ya siku, mwezi na saa. Mtu wa Mombasa akiitazama simu yake anaona saa ya Mombasa kwa sababu programu imemwongezea saa 3. Programu iwezayo kuongeza 3 haishindwi kupunguza 6. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Simu iliyowekwa kwa Kiswahili huandika Jumatano kwa Kiswahili na Septemba kwa Kiswahili, lakini saa tatu ya asubuhi huiandika 9:00. Aliyeamua hivyo ni mtu, au ni watu waliokaa mezani pasipo mwenzao wa kuwaambia. Kalenda ya Ethiopia yenye miezi 13 imekwisha tiwa katika programu za kimataifa, na kalenda ya Hijria pia. Kama miezi 13 iliwezekana, saa sita zinashindikana wapi? Nasema kwa hiyo kwamba neno "kompyuta haiijui" halina ukweli. Neno la kweli ni kwamba hatujaidai, na baadhi yetu tulianza kuiaga kabla ya kuidai.

Najua nitajibiwa kuwa sifuri ya mashine iliwekwa katika usiku wa manane wa Greenwich, na kwa hiyo hesabu ya Kizungu ndiyo ya asili kwake. Jibu hili lingekuwa na nguvu kama mashine ingekuwa na haja ya sifuri hiyo. Haina haja. Programu ya Excel huanza kuhesabu siku zake tangu 1900, na mfumo wa Windows huhesabu tangu mwaka 1601. Kila nyumba ina mlango wake, na hakuna mlango ulioshuka kutoka juu.

Jambo la majira ya mahali lataka kutazamwa zaidi, maana ndilo linaloonyesha jinsi mkono wa mtu ulivyo ndani ya kila muhuri. Kumbukumbu za majira ya nchi zote hutunzwa katika orodha moja itumiwayo na kompyuta nyingi mno duniani. Aliyeianzisha katika miaka ya 1980 ni Arthur David Olson wa Marekani. Ni kazi ya kujitolea, yenye uangalifu mkubwa, nami siitaji ili niidharau. Lakini katika orodha hiyo, kama igawiwavyo kwa kawaida, Dar es Salaam haina historia yake. Imeelekezwa kwa Nairobi. Vivyo hivyo Kampala, Mogadishu, Addis Ababa na Antananarivo. Sababu yao ni kwamba tangu 1970 miji hii imekwenda kwa saa moja, na waliotunga kanuni walikubaliana kuwa tofauti za kabla ya hapo zisiibebeshe orodha mzigo. Sasa kabla ya hapo kulikuwa na mambo. Kenya ya wakoloni iliwahi kwenda saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich, tofauti ambayo kijana wa leo akiambiwa hucheka. Mtafiti anayechukua simu ya upepo iliyopelekwa kutoka Dar es Salaam katika mwaka 1935, akaitia katika kompyuta na kuomba wakati wake wa dunia, atajibiwa kwa kanuni za Nairobi, na hapana mahali patakapomwambia kuwa ameazimwa saa ya jirani. Atapewa jibu lenye dakika na sekunde. Usahihi wa namna hii hunitia hofu kuliko kosa lililo wazi, kwa kuwa kosa lililo wazi humwamsha msomaji.

Tena saa ya mashine ni kitu chenye mwili. Ndani yake mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kipande hicho hukimbia kidogo au huchelewa kidogo kwa joto, kwa baridi na kwa uzee. Ndiyo sababu mashine huulizana saa kwa njia ya mtandao kila mara. Isiyopata wa kumwuliza huendelea kuandika kwa kujiamini kilekile. Betri yake ikifa, yaweza kuamka ikiamini kuwa inaishi mwaka 1970. Mwishoni mwa Desemba 2015 mtandao wa Facebook, ulioanzishwa 2004, uliwapongeza watu wengi kwa kutimiza miaka 46 ya urafiki. Watu walicheka, na haki yao. Lakini mashine haikutenda jambo la ajabu siku ile. Ilichukua idadi ikaitafsiri kuwa mwaka, kama itendavyo siku zote. Tofauti ni kwamba siku ile kila mtu aliweza kuona kuwa haiwezekani. Muhuri ukikosea kwa dakika 20 nani ataona?

Zaidi ya hayo, mwenye mashine huweza kuibadili saa yake apendavyo, na muhuri wa faili hubadilishwa kwa amri moja fupi. Haihitaji ujuzi wa wizi.

La kustaajabisha ni kwamba wale wanaozijua mashine hizi kuliko sisi hawaziamini kama sisi tunavyoziamini. Mwaka 1978 Leslie Lamport, mtaalamu wa Marekani, alichapisha makala ambayo wanafunzi wa kompyuta husomeshwa mpaka leo. Alionyesha kuwa katika mashine nyingi zilizo mbalimbali na zinazopelekeana habari, twaweza kusema kwa yakini kuwa jambo hili lilitangulia lile ikiwa tu habari ya la kwanza iliweza kulifikia la pili. Mambo mengine yasiyogusana hayana la kwanza wala la pili linalojulikana. Akajenga utaratibu wa kuyapanga bila kutegemea saa za ukutani. Mwaka 2012 wataalamu wa Google walieleza hifadhidata yao iitwayo Spanner, yenye saa za atomu na vipokezi vya setilaiti katika vituo vyake. Ukiiuliza saa mashine hiyo, haijibu nukta moja. Hujibu mipaka miwili: si kabla ya hapa, si baada ya hapa. Matajiri wa saa wamekiri kuwa wanajua kwa kukadiria. Karani wetu, mwenye kompyuta moja chini ya feni, hajakiri.

Na sekunde yenyewe si safi. Kwa kuwa dunia haizunguki kwa mwendo ulio sawa, tangu 1972 sekunde za nyongeza zilitiwa katika saa ya UTC, na kufikia mwisho wa 2016 zilikuwa 27. Hesabu ya Unix haizijui. Hudai kuwa kila siku ina sekunde 86,400 bila kupungua wala kuzidi, na sekunde ya nyongeza ikija, idadi moja hubeba sekunde mbili. Nyongeza ya tarehe 30 Juni 2012 iliangusha mashine nyingi zilizotumia Linux. Makampuni mengine, Google mojawapo, yaliamua kuinyunyiza sekunde hiyo kidogo kidogo katika saa nyingi, hata ikawa katika siku hizo saa ya kampuni moja haikubaliani na ya jirani yake. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo wa mataifa uliazimia kuilegeza kanuni hii ifikapo 2035. Msomaji ataona kwamba wakati wa mashine huamuliwa kwa mkutano, kwa hoja na kwa kura, kama mambo mengine ya wanadamu.

Sasa nitoke katika mashine nije kwa watu. Miaka michache iliyopita, katika chuo kimoja nisichokitaja, wanafunzi walitangaziwa kwa Kiswahili kuwa mwisho wa kupokewa insha ni saa sita ya usiku wa Ijumaa. Fundi aliyeitega kompyuta aliandika Ijumaa, 00:00. Mashine ikafunga mlango wake Alhamisi ilipokwisha. Wanafunzi wengi, waliojiwekea mchana mzima wa Ijumaa na sehemu ya usiku wake, waliamka wakakuta wamekwisha andikwa wachelewaji, na alama zao zikapunguzwa. Walipokwenda kushitaki walionyeshwa tarakimu.

Tarakimu zilikuwa sawa. Hakuna aliyesema kuwa insha zilifika Alhamisi. Shauri halikuwa lini zilifika, shauri lilikuwa tangazo lilimaanisha usiku upi, na juu ya hilo mashine haikuwa na neno. Kwa hesabu ya kale ya mwambao, iliyofuata desturi ya Kiislamu ya kuanza siku jua linapokuchwa, usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa; mzee wa Lamu au wa Unguja angelitetea lango lililofungwa, bila kujua fundi ni nani. Kwa mazoea ya vijana wengi wa leo, waliosoma shule za serikali na kusikiliza redio, usiku wa Ijumaa hufuata mchana wake. Tangazo moja lilikuwa na siku mbili ndani yake. Aliyetangaza angeulizwa alikusudia ipi; wanafunzi wangeulizwa walifahamu ipi; shauri lingekwisha kwa nusu saa. Badala yake tarakimu ziliwekwa mezani, na maswali yakafa.

Wapo waliosema siku zile kuwa kisa hiki kinathibitisha ubovu wa hesabu yetu. Nawajibu kwamba Kiswahili kilikwisha kulitatua tatizo hili kabla ya kompyuta kuletwa. Tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa, na hapo hakuna wa Lamu wala wa Tabora atakayepotea. Maneno hayo huonekana magazetini kila siku. Tarakimu za 00:00, kinyume chake, zimewasumbua hata wenyewe Waingereza na Wamarekani, wasiojua kama usiku wa manane wa Ijumaa ni mwanzo wake au mwisho wake; ndiyo sababu wengi wao wanaojali huandika 23:59. Yaani wameikimbia nukta yao kwa dakika moja. Lugha yenye kauli ya wazi imeambiwa ijifunze kwa ile inayokimbia.

Kuna ubaya mwingine unaotugusa sisi wa maktaba. Mashine haipendi kutokujua. Ukiipa mwaka peke yake katika mahali palipotengwa kwa tarehe kamili, aghalabu itaujaza kwa 1 Januari, saa sifuri. Watu wasiojulikana siku yao ya kuzaliwa wamegawiwa siku hiyo katika madaftari ya nchi nyingi, wakubwa kwa wadogo, kama kwamba kijiji kizima kilizaliwa alfajiri moja. Chukua Utendi wa Tambuka, ambao mwaka utajwao ni 1141 wa Hijria. Vitabu husema 1728, na kwa msomaji mtu yatosha, maana hujua kuwa mwaka wa Hijria huvuka mipaka ya mwaka wa Kizungu. Tia 1728 katika mashine, nayo ikakamilisha kuwa 1 Januari 1728. Lakini mwaka 1141 ulianza Agosti ya 1728 ukaisha Julai ya 1729. Siku ile iliyoandikwa haimo ndani yake kabisa. Kwa kutaka usahihi wa sekunde tumepata siku ambayo twaweza kuapa kuwa siyo. Na Excel, ambayo wengi wetu huiorodheshea miswada, haina tarehe yoyote iliyo kabla ya 1900; hata 1900 yenyewe huihesabia tarehe 29 Februari, siku ambayo haikuwako, kosa lililochukuliwa kwa makusudi kutoka programu ya Lotus 1-2-3 ili hesabu zipatane. Tungo zetu nyingi zilizo bora ni za kabla ya mwaka huo. Kwa saa ya Excel hazijatokea.

Sisemi kwamba mihuri itupwe. Benki haiwezi kuendeshwa bila ya hiyo, wala hospitali, na mimi mwenyewe hutafuta faili zangu kwa tarehe. Nasema ipewe daraja yake, ambayo ni daraja ya kauli: mashine fulani, yenye saa fulani, iliyowekwa na mtu fulani, ilisema hivi ilipopokea kitu. Muhuri wa kupokea hausemi kitu kilitumwa lini. Mwanafunzi wa Pemba aliyebonyeza mapema na mtandao ukamchelewesha hana alama yake humo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 yaelewa jambo hili: hakimu anapoletewa ujumbe wa kompyuta, hutakiwa kuzingatia uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa au ulivyopelekwa. Kama hakimu, mwenye nguvu za kumfunga mtu, analazimika kuuliza, mkuu wa idara anaacha kuuliza kwa ruhusa ya nani?

Na wenzangu waliokwisha kuiaga saa ya Kiswahili nawaomba kwanza watuonyeshe barua moja waliyowaandikia watengenezaji wa programu wakaidai, na jibu la kukataliwa. Wakituonyesha, tutabishana upya. Orodha za lugha ambazo simu na kompyuta huzisoma hupokea mapendekezo ya wasomi, na majina ya miezi tunayoyaona leo yalitiwa na mtu. Idara za Kiswahili zina maprofesa, zina wanafunzi wa hesabu jirani zao. Kazi hii si ya miaka kumi.

Katika vyuo, mabadiliko yaweza kuanza muhula ujao, katika karatasi ya tangazo. Liandikwe: insha zitapokewa mpaka Ijumaa, saa tano na dakika 59 za usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani 23:59 kwa saa ya Afrika Mashariki, itakayohesabiwa ni saa ya kutuma, mashine ikikataa, mwanafunzi amwone mwalimu wa somo kabla ya saa nne ya asubuhi ya Jumatatu. Na chini yake liwekwe jina la mtu.